Nimfalidi au Kunjamikono? Uhakiki wa Jina la Ukoo Mmoja wa Vipepeo

Miongoni mwa istilahi ambazo sisi walimu wa Kiswahili huzipokea bila kuzihoji ni majina ya koo za wadudu. Twayakuta katika majedwali ya kufundishia yaliyotafsiriwa, twayanakili ubaoni, nasi twaendelea na somo. Katika makala haya tumekusudia kulihakiki jina moja tu, yaani Nymphalidae. Hilo ndilo jina la ukoo ulio mkubwa kuliko koo zote za vipepeo: una spishi zipatazo 6,000, ilhali vipepeo wote wa dunia wanakadiriwa kuwa spishi 18,000 hivi. Katika maandishi ya Kiswahili tuliyopata kuyasoma, jina hili hutokea kwa sura tatu. Wapo wanaoliacha kama lilivyo. Wapo wanaoandika Nimfalidae. Na wapo wanaolimalizia kwa irabu ya kwetu na kuandika Nimfalidi. Sura hii ya tatu husifiwa kuwa ndiyo ya Kiswahili zaidi. Kwa maoni yetu ndiyo yenye madhara zaidi.

Yafaa tuanze na asili ya jina. Mwaka 1758, katika chapa ya kumi ya kitabu chake Systema Naturae, Carl Linnaeus wa Uswidi aliwaweka vipepeo wote katika jenasi moja aliyoiita Papilio. Kisha akaigawa jenasi hiyo katika mafungu, na mafungu hayo akayapa majina aliyoyatoa katika visa vya kale vya Wayunani na Warumi. Wale wakubwa wenye fahari aliwaita Equites, yaani wapanda farasi. Wadogo wasio na makuu akawaita Plebeji, ambao kwa Kiswahili cha mitaani tungewaita makabwela. Na fungu jingine akaliita Nymphales. Mwaka 1780 Kluk wa Poland akatoa jenasi Nymphalis, na mwaka 1815 Rafinesque akatumia jina hilo kuuita ukoo mzima. Kiishio -idae ni alama tu: kwa kanuni za wanazuolojia kila jina la ukoo wa wanyama huishia hivyo.

Nimfa wa Wayunani walikuwa viumbe wa kike walioaminiwa kukaa katika chemchemi, mito na misitu, na neno lenyewe lilikuwa na maana ya bibi arusi pia. Msomaji ataona mara moja kwamba jina hili halisemi lolote juu ya mdudu. Halisemi ana mabawa ya namna gani, anakula nini, wala anatofautianaje na wengine. Linnaeus alikuwa akipamba. Hatumlaumu, kwa sababu aliandika kwa ajili ya watu waliosoma visa hivyo tangu utotoni, na kwao jina Nymphales lilikuwa na ladha. Lakini ladha hiyo haisafirishwi kwa kubadili y kuwa i na ph kuwa f.

Kama ubaya wa Nimfalidi ungekuwa ni kutosema kitu, tungelinyamazia. Kiswahili kina maneno mengi ya mkopo yasiyosema kitu kwa sura yake, nayo yanatumika vizuri. Ubaya ni kwamba neno hili lasema kitu, na lisemalo si kweli. Katika biolojia inayofundishwa kwa Kiingereza, nimfa ni mtoto wa mdudu asiyepitia hatua ya pupa, kama vile panzi, nzige, mende na kunguni. Mtoto huyo hufanana na mzazi wake isipokuwa hajakamilika mabawa. Kiswahili kina neno lake la asili kwa mtoto wa nzige, nalo ni tunutu. Kipepeo hana tunutu. Yeye hutoka katika yai akiwa kiwavi, kiwavi akawa pupa, na pupa ikatoa kipepeo. Sasa mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kwamba nimfa ni tunutu akikutana na neno Nimfalidi ataelewa nini? Ataelewa kwamba hawa ni vipepeo wenye nimfa, yaani atawapa vipepeo kitu kimoja kile ambacho vipepeo hawana.

Mambo yanazidi kutatana tukivuka mpaka. Katika Kifaransa neno lilo hilo hutumika kwa hatua ya pupa, ile ambayo mdudu ametulia ndani ya ganda lake akisubiri kugeuka. Kwa kweli matumizi haya yako karibu zaidi na ya kale, maana Aristotle alilitumia neno nimfa kwa nyuki waliomo katika hatua hiyo. Hivyo kuna nimfa wa Waingereza na nimfa wa Wafaransa, nao ni vitu viwili vinavyopingana: mmoja ni wa wadudu wasio na pupa, mwingine ndiye pupa mwenyewe.

Huenda msomaji aliyeko Dodoma au Mombasa akaliona jambo hili kuwa ni la wataalamu tu. Na atazame Midia. Midia ni kaunti ndogo katika wilaya ya Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda. Wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Arua hadi mwaka 2005, nayo imepakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande mwingine. Mtoto wa huko huanza na Kikakwa nyumbani, au Kilugbara, na sokoni husikia Kinubi. Kiswahili kilifika kwa askari wa KAR na kwa wafanyabiashara, na kwa muda mrefu watu walikiona kuwa ni lugha ya kambi, ya kuamrishana na kununuliana, wala si lugha ya kitabu. Amri ya mwaka 1973 ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, lakini amri haikuleta walimu wala vitabu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekipa nafasi darasani. Wakati huo huo, katika wilaya iyo hiyo ya Koboko, kambi ya Lobule imewapokea wakimbizi kutoka Kongo, ambao shule zao zilikuwa za Kifaransa.

Weka sasa walimu wawili katika chumba kimoja, mmoja amesomea Arua na mwingine amesomea Kongo. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Yule wa kwanza akisema nimfa anafikiri tunutu. Yule wa pili akisikia nimfa anafikiri pupa. Na mwanafunzi anayewasikiliza ameandika daftarini Nimfalidi. Kiswahili ambacho kingewakutanisha ndicho kinachowafarakanisha, tena kwa neno ambalo si lake. Hili ndilo linalotufanya tuseme kwamba suala la istilahi mahali kama Midia lina uzito kuliko mahali ambapo Kiswahili kimezaliwa. Kwa mtoto wa Midia, Kiswahili bado kinapimwa. Akiona kwamba neno la Kiswahili la sayansi ni Kilatini kilichovishwa kanzu, atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini asibaki na Kiingereza moja kwa moja.

Tutaambiwa kwamba Kiswahili kimejaa maneno yenye maana mbili na hakuna aliyepotea. Ni kweli. Nondo ni ndugu wa kipepeo arukaye usiku, na nondo ni chuma cha kujengea. Fundi haagizi wadudu dukani. Pupa nalo ni neno la kuchekesha tukilifikiria: katika biolojia ni hatua ambayo mdudu ametulia kabisa, na katika lugha ya kila siku ni haraka yenye uroho, kama mtu alaye kwa pupa. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaocheka, na wakishacheka hawalisahau. Maana hizi zinakaa mbalimbali, na muktadha huzitenga. Lakini nimfa na Nimfalidi zinakaa katika somo moja, sura moja, pengine ukurasa mmoja wa kitabu cha wadudu. Hapo muktadha hauwezi kutenga chochote, kwa sababu muktadha ni ule ule.

Linganisha neno hilo na kipepeo. Hili limetokana na kupepea, na aliyelitunga, hata awe nani, alimtazama mdudu akifanya kazi ya mabawa yake. Kipepeo pia ni kile kifaa cha kupepelea moto jikoni, nasi walimu wa sarufi twalipenda neno hili kwa sababu linatupa somo zima la upatanisho. Kipepeo kimechanika, kikiwa cha jikoni. Kipepeo ameruka, akiwa mdudu. Mtungaji wa kale hakuhitaji kamati. Hatusemi haya kwa kubeza kazi ya Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, wala ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyotupatia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Bila kazi hizo tungekuwa gizani. Twasema tu kwamba istilahi zilizotulia vizuri zaidi vichwani mwa wanafunzi wetu ni zile zilizoanza na jicho.

Na jicho huona nini kwa vipepeo hawa? Chini ya miembe ya West Nile, msimu wa maembe unapoelekea kwisha na matunda yamedondoka na kuoza, huja vipepeo wakubwa wa jenasi Charaxes kunyonya utomvu wa matunda hayo. Ni wa ukoo huu tunaouzungumza. Mwanafunzi akimkaribia mmoja polepole na kumhesabia miguu, atapata minne. Atahesabu tena, atapata minne. Tumepata kuliona daftari ambamo mchoro wa kipepeo mwenye miguu minne ulitiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, kwa sababu kanuni yasema mdudu ana miguu sita. Kanuni ni sahihi. Mtoto naye alichora alichokiona. Vipepeo wa ukoo huu wana jozi tatu za miguu kama wadudu wengine, lakini jozi ya mbele imedumaa, ina manyoya kama brashi, nayo imekunjwa kifuani wala haitumiki kutembelea. Haikosi kazi: jike hupigapiga jani kwa miguu hiyo ili kulionja kabla ya kutaga mayai. Alama hii ndiyo inayowatambulisha vipepeo wa Nymphalidae karibu wote, na ndiyo ambayo jina Nimfalidi limeificha. Laiti jina lingeitaja, mchoro ule usingetiwa wino mwekundu.

Wapo wenzetu waliojaribu kutunga majina kwa kufuata rangi. Nia yao ni njema, lakini rangi haifai kwa ukoo, na mfano wake uko kila mahali Afrika ya Mashariki. Kuna kipepeo aitwaye Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa iliyoiva, ambaye mara nyingi ana ncha nyeusi za mabawa zenye baka jeupe. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata akiwa kipepeo, kwa hiyo ndege wenye uzoefu humwacha. Kuna mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na kinga ya namna hiyo. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa wekundu wa zambarau. Jike lake halifanani nalo hata kidogo. Limejivika rangi za yule Danaus, nalo hunusurika kwa kuogopewa bure. Anayefuata rangi atamtenga mume na mkewe, kisha atamwoza mke kwa jirani.

Tena mipaka ya ukoo huu haikukaa mahali pamoja. Vitabu vingi vya katikati ya karne ya 20 vilimweka yule Danaus katika ukoo wake peke yake, Danaidae, na wengine katika Satyridae na Acraeidae. Leo wote hao wamehesabiwa kuwa ndani ya Nymphalidae. Mwalimu aliyetunga majina ya rangi kwa koo zile za zamani amebaki na majina yasiyo na wenyewe. Miguu ya mbele iliyodumaa, kwa upande wake, ilikuwamo katika koo zote hizo tangu mwanzo, na ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wataalamu waone kwamba ni watu wa nyumba moja.

Tumetumia neno ukoo, na hapana budi tulitetee. Vitabu vingi vya biolojia huandika familia. Magazeti husema jamii, kama katika jamii ya paka. Jamii ni pana mno, hata watu wa mji mzima ni jamii. Familia humletea mtoto picha ya baba, mama na watoto mezani. Ukoo una nasaba ndani yake, na uainishaji wa viumbe siku hizi ni habari ya nasaba. Kasoro yake tunaijua, nasi tulioneshwa na wanafunzi. Miongoni mwa Walugbara mtu haoi katika ukoo wake. Vipepeo hawaoani nje ya spishi yao, seuze nje ya ukoo. Mwanafunzi akiuliza hilo, mwalimu amepata robo saa nzuri ya mazungumzo. Kuhusu ngeli, ambalo biolojia imelichukua kwa daraja ya wadudu wote, hatuna la kufanya ila kuvumilia. Ukiuliza kipepeo yumo katika ngeli gani, nusu ya darasa itajibu ya wadudu, na nusu nyingine itabishana kama ni ki-vi au a-wa.

Pendekezo letu ni kwamba vipepeo wa Nymphalidae waitwe kunjamikono. Neno tumelijenga kwa kitenzi na nomino, kama lilivyojengwa vunjajungu, mdudu yule aliyekunja mikono yake kama mwenye kusali, na ambaye watu waliamini kwamba amguswaye huishia kuvunja chungu. Tulifikiria kwanza miguu-minne, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi. Tukaiacha kwa sababu inarudia kosa kwa upande wa pili: ingemfundisha mtoto kwamba mdudu huyu ana miguu minne tu. Kunjamikono lamwambia kwamba miwili mingine ipo, imekunjwa, na aitafute. Mtu aweza kusema kwamba kwa Kiswahili aliyekunja mikono ni mvivu. Sawa, lakini mkunjo wa mikono ni wa heshima pia, na wa mtu aliye kwenye baridi.

Kuna pingamizi moja lenye nguvu zaidi, nalo twalitaja sisi wenyewe. Wamo ndani ya ukoo huu vipepeo wenye mdomo uliochongoka mbele kama pua, na Afrika ina wa kwao, Libythea labdaca. Madume yao wamekunja mikono kama wenzao, lakini majike hutembea kwa miguu sita kamili. Je, jina livunjwe kwa ajili yao? Hatuoni hivyo. Kuku naye ni ndege, wala hakuna aliyependekeza kuliacha neno ndege kwa kuwa linahusiana na kuruka. Jina la kawaida laweza kustahimili mwasi mmoja. Jina la kitaalamu ndilo lisiloweza, na ndiyo maana jina la kitaalamu lipo.

Kwa hiyo hatusemi Nymphalidae lifutwe. Kule Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, wakulima wamekuwa wakifuga vipepeo tangu mwaka 1993 katika mradi uitwao Kipepeo, na pupa zao hupelekwa Ulaya. Mkulima huyo na mnunuzi wake hawana lugha moja, na jina la Kilatini ndilo linalowahakikishia kwamba wanazungumza juu ya mdudu mmoja. Ni pesa ya kubadilishana. Lakini pesa haikatwi kona ili ionekane ya nyumbani. Nymphalidae likiandikwa kama lilivyo, mtu wa Arua, wa Bunia na wa Tanga wataliona kuwa ni lile lile, na hakuna atakayedhani kwamba ni neno la Kiswahili lenye nimfa ndani yake. Nimfalidi halina faida ya upande wowote: mtaalamu wa ng'ambo halitambui, na mtoto wa Midia halielewi.

Katika kadi za kufundishia, basi, twashauri kunjamikono liandikwe juu kwa herufi kubwa, na Nymphalidae chini yake kwa herufi za mlazo, bila neno la kati. Nimfa litumike tu pale ambapo mwalimu analazimika kueleza kitabu cha Kiingereza au cha Kifaransa, na aseme ni kipi. Vinginevyo tunutu latosha kwa wadudu wasio na pupa, hata kama watu wa bara wamezoea kulitumia kwa nzige peke yake. Upatanisho wa neno jipya uwe wa viumbe hai: kunjamikono huyu amekufa, kunjamikono hawa wamekufa. Wingi usiwe na kiambishi. Walimu wa pwani watakaopendelea makunjamikono, kwa kufuata wale wasemao mavunjajungu, tungependa kuzisikia hoja zao katika kurasa hizi.